Mguu wa Mzee Bucha

Mdogo wangu alipotuambia anakwenda chuoni kusomea tiba ya usemi, mjomba alimpongeza akidhani atakuwa mtangazaji wa redio. Akaeleweshwa, akaelewa nusu, na tangu hapo akawa anamwita Daktari wa Ulimi. Mama hakujisumbua kuelewa. Alichojua ni kwamba binti yake anavaa koti jeupe na mwaka huu anamaliza. Mtaa mzima ulikuwa na habari hiyo, na gauni la mahafali lilikuwa limeshashonwa.

Mimi ndiye ninayelala naye chumba kimoja, kwa hiyo masomo yake yaliniangukia mimi. Nimetoleshwa ulimi mbele ya kioo. Nimeshikwa koo nikiwa nakunywa chai, eti asikie ninavyomeza. Nimeulizwa swali dogo kisha nikakodolewa macho bila neno mpaka nikajihisi nimeiba kitu, kwa sababu chuoni walifundishwa kusubiri. Mtu aliyepotelewa na maneno, ukimkimbilia kumsaidia kila mara, haangaiki tena kuyatafuta. Unamwuliza, unanyamaza, unameza mate. Kwa mtu wa familia yetu hiyo ni adhabu. Sisi hatumalizi sentensi zetu, tunamaliziana, na mimi nikiwa msusi ninayeshinda saluni ndiyo kabisa.

Kitu kingine walichofundishwa ni kusifu. Neno likitoka, hata kama limevunjikavunjika, unalipokea kwa furaha ili mgonjwa apate moyo. Hilo lilimwingia damuni. Mama akiomba chumvi mezani anaambiwa vizuri sana. Tulikuwa tunamcheka, naye anacheka.

Mwaka wa mwisho akapelekwa hospitali kwa mazoezi, chini ya msimamizi ambaye wanafunzi wote walimwita Madamu, mwanamke mfupi asiyepoteza maneno. Huko akakabidhiwa mzee aliyekuwa na bucha sokoni, na wodi nzima ilimwita Mzee Bucha. Zamani sauti yake ilisikika mpaka upande wa pili wa soko. Kiharusi kikamlegeza mkono na mguu wa kulia, kikamwachia akili zake zote na kumnyang'anya maneno. Alielewa kila unachomwambia, alijua anachotaka kusema, ila neno lenyewe haliji. Mwanzoni alibaki na "hivyo hivyo" tu. Ukimsalimu, hivyo hivyo. Ukimwuliza jina la mke wake, hivyo hivyo, na machozi yanamlengalenga.

Walifanyia kazi kwenye chumba kidogo mwisho wa korido, chenye meza ya chuma, kioo, na kabati ambalo mlango wake haufungi mpaka uupige goti. Mdogo wangu alimwonyesha picha, akamwanzishia: "Nyama unaikata kwa..." Kisha anasubiri. Siku moja kisu kikatoka. Baada ya kisu kikaja kikombe, ukaja mlango, likaja jina la mke, na siku hiyo mama wa watu alilia wodini kama aliyeposwa upya. Mdogo wangu alirudi nyumbani anatembea juu juu. Ikapangwa kwamba mtihani wake wa vitendo ataufanya na mzee huyo huyo, mtahini kutoka nje akiwa amekaa pembeni anatazama. Akifeli, anarudia mwaka mzima.

Sasa sikiliza kilichotokea.

Asubuhi hiyo alimsukuma mzee kwenye kiti chake cha magurudumu mpaka mezani, akakisogeza karibu ili aone picha vizuri, akakifunga breki. Wakaanza. Mara mzee akasema, "Mguu." Haukuwa kwenye picha. Neno jipya, limetoka lenyewe bila kuanzishiwa. Mdogo wangu akampa vizuri sana yake. Mzee akavuta pumzi, akasema, "Mguu... uma." Maneno mawili yameungana! Akapiga makofi, akamwomba arudie. Mzee akakunja uso, akakusanya nguvu zote alizokuwa nazo, akasema kwa sauti ya kueleweka kabisa, "Mguu unauma." Sentensi kamili, ya kwanza tangu augue. Machozi yakamtoka mzee, na ya mdogo wangu yakamtoka pia, kwa furaha.

Mke wa mzee akaingia na chupa ya chai. Aliangalia chini ya meza mara moja tu, akaweka chupa sakafuni, akafungua breki na kukivuta kiti nyuma. Kidole gumba cha mguu wa kulia, ule uliolegea, kilikuwa kimebanwa kati ya kiti na mguu wa meza ya chuma. Ukucha umeng'oka nusu, soksi imelowa damu.

"Mwanangu," akasema yule mama, "si alikuwa anakwambia?"

Hakufoka. Mdogo wangu anasema heri angefoka.

Aliponisimulia, nisiseme uongo, nilicheka. Kisha nikamwona uso wake, nikaacha. Alikuwa amekaa kitandani na koti lake jeupe, hata viatu hajavua. Mzee wa watu ametafuta maneno mawili kama anayetafuta sindano gizani, ameyapata, ameyasema, na alichopewa ni makofi. Niliona aibu kwa niaba ya mdogo wangu.

Tangu siku hiyo Mzee Bucha akafunga mdomo. Si kwamba maneno yalipotea tena. Muuguzi alimsikia akimwita mkewe usiku. Ila akimwona mdogo wangu, anageukia dirishani. Picha hazitazami. Mdogo wangu alimwomba radhi, akaomba tena, mzee kimya. Madamu akamwita, akamwambia kuna mgonjwa mwingine, mwalimu aliyekaukwa na sauti, mtu mwepesi na msikivu; amchukue huyo kwa ajili ya mtihani. Mdogo wangu akakataa. Nilimwambia asijitie ushujaa, achukue mwalimu wake apite, mzee atapata mtu mwingine. Akanijibu kwamba huyo mtu mwingine naye mzee hatamsemesha, maana ameshaona kusema hakuna faida. Hilo halikuwa jibu la kitoto.

Akaacha picha kabatini. Kila asubuhi anapiga hodi, anasalimia, anauliza kama anaweza kukaa. Mzee akigeuka, anaaga na kuondoka. Mzee akisukuma kikombe pembeni, kikombe kinaondolewa. Mzee akitazama shuka, mguu unafunikwa. Hakuna sifa wala makofi. Hatimaye siku moja mzee akamkazia macho na kumwambia, "Toka."

Akatoka.

Kesho yake akaambiwa toka tena, akatoka tena. Mke wa mzee akamfuata koridoni kumwomba amsamehe mume wake, kwamba hakuwa mtu wa lugha hiyo. Mdogo wangu akamwambia hakuna cha kusamehe, baba kasema nitoke, natoka. Ila Madamu hakufurahi. Mtahini, alimwambia, hatasafiri kuja kutazama mlango ukifungwa.

Mambo yakalegea polepole. Siku moja aliomba kukaa, na mzee akasogeza mkono wake kumpisha. Wakaanza upya na vitu halisi, vile mzee mwenyewe alivyovinyooshea kidole. Alikuwa anasema maneno machache, kisha anachoka, anamfukuza. Mdogo wangu anafukuzika. Mtihani ulipofika hakuna aliyejua utakuwaje, hata yeye.

Mtahini alikuwa mwanamume mrefu mwenye miwani aliyoiweka kwenye paji la uso na kuisahau huko. Alikaa pembeni, Madamu kando yake. Mdogo wangu akainama kwanza kutazama miguu ya mzee chini ya meza, ndipo akakaa. Mambo yakaenda vizuri kuliko alivyotegemea. Mzee akataja kisu, akataja sufuria, akasema "kisu kikali" bila kusukumwa. Mtahini akasogeza kiti mbele. Mdogo wangu akaingia kwenye zoezi kubwa, la kuunganisha sentensi, ambalo ndilo lenye alama nyingi. Mzee akatazama vitu, akawatazama wageni, akamtazama yeye.

"Toka," akasema.

Mdogo wangu anasema "vizuri sana" ilimjia mpaka kwenye ncha ya ulimi. Angeweza kuisema. Angeweza kumwambia mtahini kwamba mgonjwa ametumia kitenzi, akachukua kitu kingine na kuendelea, na mzee angefanya nini? Ni mtu aliyekaa kwenye kiti chenye breki.

"Sawa, baba. Natoka," akasema. Akasimama, akaupiga mlango wa kabati goti kwa mazoea, akatoka na kufunga mlango.

Koridoni mfagizi alikuwa anapiga deki. Mdogo wangu akaegemea ukuta mahali palipokauka. Alifikiria gauni lililoning'inia chumbani kwetu, akamfikiria mama na mtaa wake mzima. Alikuwa na hakika kwamba ameharibu. Alitamani kulia, lakini mfagizi alimwomba anyanyue miguu, akainyanyua.

Ndipo sauti ikaja kutoka ndani, ile ya sokoni, mfagizi mwenyewe akageuka.

"Rudi!"

Akarudi. Akakaa, akamwambia amerudi. Mzee akasema, "Maji." Mdogo wangu akamnyanyua vizuri kwenye kiti, akamkumbusha kuinamisha kidevu asije akapaliwa, akamnywesha kidogo kidogo. Mzee akajifuta mdomo kwa mkono wa kushoto. Akakaa kimya muda mrefu, na hakuna aliyemkimbilia. Kisha akasema, "Nimechoka. Kesho."

"Sawa. Kesho," mdogo wangu akamjibu, na mtihani ukaishia hapo.

Nje mtahini alimwuliza kwa nini alitoka katikati ya zoezi. Akajibu kwamba aliambiwa atoke. Mtahini akasubiri maelezo zaidi, hakupata, akatafuta miwani yake mfukoni.

Alifaulu, tena kwa kuponea chupuchupu. Zoezi kubwa hakulimaliza na alama zake zikakatwa, kihalali kabisa. Mama hakuuliza alama. Alipiga vigelegele, mjomba akaja kumtazama Daktari wa Ulimi. Ila hayo yalikuwa baadaye, majibu yalipotoka.

Kesho yake baada ya mtihani ilikuwa siku yake ya kwanza ya mapumziko. Nilikuwa nimemwahidi kumsuka tangu asubuhi, na kichwa chake kilihitaji msaada kwa kweli. Nikamkuta mlangoni ameshavaa koti. Nikamkumbusha kwamba mtihani umekwisha, mazoezi yamekwisha, hakuna anayemdai kwenda hospitali. Akaniambia mzee alisema kesho.

Alimkuta ameshanyolewa ndevu, amevaa shati la kutokea, kiti chake kimegeuzwa kuelekea mlangoni.