Kibaba cha Mwisho cha Mbegu

Mafuriko yalipotutoa kijijini kwetu Chara, mama aliacha sufuria akabeba mbegu. Yalikuwa mahindi mekundu, aliyoyachagua hindi kwa hindi na kuyakausha kwa moshi juu ya meko. Aliyafunga kwenye leso akayaweka kichwani, na mtumbwi ukatupitisha juu ya shamba letu wenyewe. Kwetu maji yakishuka mto huacha tope kwenye kingo, na mwenye mbegu hupanda upesi kabla jua halijalikausha. Asiye na mbegu huangalia wenzake.

Garsen, mji tuliokimbilia, tuligawiwa mahindi ya msaada, ya manjano. Hayakututosha. Mama akaanza kuitazama ile leso, na mimi nilielewa anafikiria nini.

Wakati huo nilikuwa na kitabu. Muuza njugu wa sokoni alikuwa akikichana kurasa za kufungia njugu zake, nikamwomba kilichobaki. Hakikuwa na jalada. Kilifundisha poka, kamari ya karata, kwa Kiingereza ambacho nilikisoma polepole kama mtu anayetoa miiba mguuni. Kilisema mchezaji asiusikilize moyo wake. Ajiulize ni karata ngapi zinaweza kumwokoa kati ya zile asizoziona, kisha aangalie kilichopo mezani ni mara ngapi ya anachotakiwa kutoa. Malipo yakizidi hatari, aingie. Yasipozidi, atupe.

Mimi huandika upya ukurasa mzima kwa sababu ya neno moja lililofutwa. Kitabu kile kilinishika kwa sababu kiliahidi kwamba ukihesabu sawasawa, hata ukishindwa hulaumiwi. Sikuwa na karata. Nilicheza kichwani tu, nikilala na nikiamka.

Poka yenyewe ililetwa na utingo wa lori lililokwama barabara ilipokatika. Alicheza alasiri juu ya turubai pamoja na kijana mmoja wa Kiorma, mfugaji, na binamu yangu, ambaye karata zilikuwa zake. Dau lilikuwa kibaba cha mahindi. Kila mtu alipewa karata tano, na baada ya kutoa dau aliruhusiwa kubadilisha asizozitaka mara moja.

Mama alipokwenda kuteka maji, nilichota vibaba viwili kutoka kwenye leso, nusu ya mbegu yote. Nilijiambia kwamba nitarudi na manjano ya kutosha ili ile nyekundu isiguswe.

Kibaba cha kwanza kiliingia na vya wenzangu watatu. Nikapata nne, tano, sita na saba, na moja isiyofaa. Utingo akaongeza kibaba, Muorma akamfuata, binamu akatupa. Vibaba sita viko mezani, natakiwa kutoa kimoja, cha mwisho nilicho nacho. Nikibadilisha ile isiyofaa nikapata tatu au nane, nina mfululizo wa karata tano, na huo hushinda. Tatu ziko nne, nane ziko nne. Karata nane kati ya arobaini na saba nisizoziona: hatari haifiki hata tano kwa moja, na meza inalipa sita.

“Profesa anasali,” utingo akasema. “Tumngoje amalize, au tutawadhe na sisi?”

Nikaweka kibaba. Nikaletewa malkia, na utingo akazoa vibaba vyote.

Nilishindwa kwa amani, hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nilimweleza binamu kwamba nilifanya sahihi, kwamba karata nane zingeniokoa. Alinitazama kwa huruma, akatoa mfukoni mwa shati furushi dogo lililofungwa kwa mpira.

“Nane zipi, ndugu yangu? Si hizi hapa?”

Mbili, nane, tisa na kumi zote zilikuwa pale. Kwetu karata huchezwa thelathini na sita. Utingo aliambiwa siku ya kwanza akakubali. Hakuna aliyenidanganya. Tangu utotoni, Chara, mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikipewa kazi ya kuziondoa, kwa sababu sikuwahi kusahau hata moja. Zilizoweza kuniokoa zilikuwa nne tu, kati ya thelathini na moja. Hatari ilikaribia saba kwa moja. Kitabu chenyewe kingeniambia nitupe, lakini nilikiuliza habari za karata zake, si zetu.

Nikamfuata utingo ili nimwombe abadilishe nyekundu kwa mgao wetu wa manjano. Alikuwa ameshamimina zote kwenye sufuria moja.

“Yamechemka, ndugu,” akasema. “Lete bakuli.”

Nilileta. Nyekundu zilikuwa tamu kuliko manjano.

Mama aliinyanyua leso, akaipima kwa mkono, akaifunga tena. Nikamweleza yote, pamoja na hesabu. Maji yaliposhuka tukarudi, yeye akichimba vishimo, mimi nikidondosha mbegu, mpaka zikaisha katikati ya shamba. Akanyoosha mgongo, akatazama tope jeusi lililobaki hadi kwenye mpaka wa jirani.

“Kitabu chako kimefika hapa,” akasema.

Upande ule uliota magugu. Nikapewa kazi ya kuyang’oa, nikayang’oa vizuri sana, bila kubakiza hata moja.