Karatasi ya Vifua Sitini

Ernesta hakuandika jina la mtu yeyote. Hilo lieleweke kabla ya mengine, maana wanaosema pale Nyakahura kwamba aliwauza wanaume wa kijiji kwa jeshi, akianzia na mume wake mwenyewe, hawakuiona ile karatasi. Ilikuwa na namba tupu.

Wazo la namba alilitoa chuoni. Mwaka 1977 kijiji kilimchagua, kwa kuwa alikuwa amemaliza kidato cha nne, akasomee uuzaji wa nguo huko Mwanza ili aje kuendesha duka la kijiji. Alidhani atafundishwa kukunja vitenge na kusema karibu. Badala yake alikuta hisabati asubuhi na sayansi ya nyuzi mchana. Alichoma uzi wa pamba akanusa harufu ya karatasi inayoungua. Alichoma uzi wa kiwandani ukajikunja kuwa kishanga cheusi kigumu. Mwalimu wa hesabu, Mzee Bulugu, aliwaambia: "Msiagize nguo kwa kukisia. Pimeni watu, mhesabu, ndipo muagize. Na majina msiandike, kifua hakina jina."

Basi Juni 1978 alisimama dukani na futi ya fundi cherehani shingoni, tayari kupima wanaume. Mashati yaliyokuwa yakiletwa yalikuwa ama ya watoto ama ya majitu, na alitaka kukiandikia kiwanda saizi za watu wa Nyakahura.

Hakuna aliyesogea.

"Mimi nipimwe na mwanamke kama maiti anayechongewa jeneza?" mmoja akauliza.

Kazimili, aliyehamia na ng'ombe wake kutoka Shinyanga, akadakia, "Mama, dume langu je? Nalo halina shati."

"Lilete, nitalipima pembe," Ernesta akamjibu, wakacheka.

Ndipo Pancras, mume wake, akavua koti akanyoosha mikono. Akawa namba moja. Kifua, thelathini na nane. Mkono, inchi ishirini na saba, na hapo watu wakapiga makofi, kwani tangu ujana wake hakuna shati lililowahi kumfika kwenye kiganja. Alikuwa na mikono mirefu kupita wote. Baada yake wakapanga foleni. Kijijini kulikuwa na wanaume sabini na wawili, alipima sitini.

Karatasi aliinakili mara mbili. Moja ikaenda kiwandani, ya pili akamkabidhi mwenyekiti wa kijiji, Theonest, aipeleke ofisi ya biashara wilayani, Biharamulo. Kutoka hapo hajui ilikwenda wapi.

Novemba vita vikaja. Theonest akasoma majina ya mgambo kumi na wawili wa kwanza, Pancras akiwamo. Wiki chache baadaye lori lilipita na hao kumi na wawili wakiwa wamevaa magwanda. Watu walijaa barabarani. Pancras alisimama nyuma ya lori, akainua mkono juu akicheka kama mtoto.

"Ernesta! Tazama, mkono umefika!"

Ulikuwa umefika kweli. Kitambaa kilimkaa hadi kwenye kiganja. Kila mtu alisikia, na kila mtu akageuka kumtazama Ernesta. Yeye alipunga mkono. Furaha na hofu vilimpanda kwa pamoja, asijue kipi ni kipi.

Pancras hakurudi. Machi mwaka uliofuata barua ililetwa, na kabla matanga hayajaanuliwa maneno yalikuwa yameshafika kisimani: kati ya wale kumi na wawili, kumi walikuwa wamepimwa na Ernesta.

Alikaa na penseli. Wanaume sitini kati ya sabini na wawili ni watano katika kila sita. Chukua kumi na wawili popote, bila karatasi yoyote, kwa wastani utapata kumi waliopimwa. Hesabu ilitoka sawasawa, bila baki. Akaipeleka kwa Theonest, akaipeleka kwa katekista, akaieleza hata kisimani. Walimsikiliza kwa adabu. Kisha mmoja akauliza, "Na ule mkono?"

Mkono wa inchi ishirini na saba ulikuwa mmoja tu katika sitini. Labda stoo ya jeshi ilikuwa na magwanda ya kila namna. Labda mtu alisoma nakala ya pili. Alimuuliza Theonest, naye akasema aliifikisha ofisini. Ofisini wakasema karatasi ni nyingi. Aliporudi nyumbani alikuwa anajua machache kuliko alipoondoka.

Mwaka 1980 mashati yakaja kutoka kiwandani. Sitini, saizi zilezile alizoandika. Wanaume waliyavaa yakawakaa vizuri, hata waliokuwa wakimsema. Kazimili alinunua lake akasema hajawahi kuvaa shati linalomjua. Likabaki moja, la mikono mirefu, ambalo hakuna aliyeliweza.

Mama Clotilda, mama yake Pancras, akaja dukani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Bibi aliketi, akalichukua shati, akaupima mkono wa shati kwa shubiri zake mwenyewe. "Mama Jovina, mimi sikuja kugombana. Hili limetoka kwenye karatasi yako?"

"Ndiyo, mama."

"Na lile gwanda?"

Ernesta alilitazama shati. Jovina, bintiye, alikuwa mlangoni akisikiliza, na nje wanawake wawili walikuwa wamesimamisha ndoo zao. Angesema labda, kesho lingekuwa ndiyo kijiji kizima, na mtoto angekua akiitwa binti wa aliyemuuza baba yake. Angesema hapana, angekuwa amesema asilolijua.

Akalitwaa, akalikunja vizuri, mikono ndani, akaliweka mapajani mwa mama mkwe.

"Karatasi haikuwa na jina la mtu, mama. Zaidi ya hapo sisemi, si leo wala siku nyingine."

Akaenda kufunga dirisha la duka.