Nilivyopatana Bei ya Ndege ya Kigoma

Nimeuza mashuka na mapazia Kariakoo kwa miaka ishirini na sita, na muda wote huo sijanunua kitu kwa bei niliyotajiwa mara ya kwanza. Wanangu huona aibu kutoka nami, nami huwaona wao mabwege. Nayasema haya mapema ili ijulikane ni mtu wa aina gani anayesimulia.

Marehemu kaka yangu alihamia Kigoma kikazi, akaoa huko na akafia huko. Aliacha binti mmoja. Nilipokwenda kumwona hospitalini alinishika mkono akasema, "Huyu utamuoza wewe." Nikamwambia nitamuoza. Babu yake alishafariki na kaka hana, kwa hiyo walii wake, wa kumuoza, ni mimi, baba yake mdogo.

Mwaka juzi, akiwa mwalimu tayari, binti akanipigia simu. Amepata mchumba, ndoa itafungwa Ijumaa baada ya Alasiri, wiki tano zijazo. "Baba mdogo, uje mwenyewe," alisema. "Nataka mkono wa bwana harusi uushike wewe. Baba alisema hivyo." Nikamwambia asiwe na shaka.

Ofisi ya tiketi ilikuwa ghorofa ya pili, jengo la jirani na duka langu, mtaa wa Msimbazi. Mwenyewe alikuwa dada wa Kichaga, mpole. Aliniamkia, akanivutia kiti, akaangalia kompyuta. Kwenda tu, laki tatu na nusu.

"Bei ya mwisho?" nikauliza.

"Ndiyo hiyo, mzee wangu. Siipangi mimi. Viti vikizidi kujaa inapanda, ni bora ukate leo."

Maneno hayo nayajua. Nimewaambia wateja wangu wachukue leo mara ngapi, na stoo imejaa mzigo uleule? Nikainuka. Sisi tuna namna yetu ya kutoka dukani: unaondoka ukijua utaitwa, kwa hiyo huna haraka. Nilishuka ngazi moja moja. Kwenye kona nikainama kufunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimelegea. Nikasubiri kidogo. Hakuniita.

Wiki iliyofuata nikarudi, ikawa laki tatu na tisini. Nilikasirika kwelikweli, nikamuuliza kama ananiona mgeni wa mjini. Aligeuza tu kompyuta nijionee. Siku chache baadaye nikapanda tena, nikakuta imeshuka hadi tatu na sitini. Hapo ndipo nilipopotea. Mtu mwenye akili zake angelipa palepale. Mimi nilijiambia wameanza kulegea, nikisubiri kidogo tu watafika laki tatu, nikaziendea tena ngazi zangu.

Naomba ieleweke kwamba hela nilikuwa nazo. Mke wangu alizitia kwenye bahasha siku ileile binti alipopiga simu, na kila jioni aliniuliza kama nimeshakata tiketi. Nilimjibu kwamba biashara aniachie mimi.

Jumanne ya wiki ya ndoa dada akaniambia kimebaki kiti kimoja, cha Ijumaa asubuhi. Laki sita na kumi.

"Mzee, hiki kikienda sina kingine," alisema. "Nikuwekee?"

Niliondoka bila kuaga. Siku mbili nzima sikuuza vizuri, nikagombana na wateja, nikajiona nimeonewa. Alhamisi mchana nikamfuata na bahasha mkononi. Alinitazama kwa huruma, na ile huruma iliniuma kuliko bei. Kiti kilinunuliwa asubuhi. Ndege nyingine ilikuwa Jumapili. Mabasi ya Kigoma yalishaondoka alfajiri, na la kesho yake lingefika Jumamosi.

Nilimpigia shemeji yangu, mama wa binti, nikamweleza ukweli kwamba nimechelewa kukata tiketi. Kwa nini nimechelewa hakuuliza, nami sikusema. Akasema, "Haya shemeji, nitajua cha kuwaambia watu."

Ijumaa baada ya Alasiri nilifunga duka, nikakaa juu ya robota la mashuka. Simu ikaita. Alikuwa sheikh wa kufungisha ndoa, yuko msikitini, ameiweka simu kwenye spika. Nikasema maneno yanayotakiwa: nimekuwakilisha umuoze binti wa kaka yangu kwa niaba yangu. Nikamsikia bwana harusi akikubali. Mkono wake alikuwa ameushika sheikh, mtu asiye hata jamaa yetu. Nilitaka kulia, nikajizuia kwa sababu nilijua wananisikia.

Nikadhani yamekwisha. Nilikuwa naitoa simu sikioni niliposikia sheikh anaendelea.

"Ndugu zangu, kabla hatujatawanyika, bibi harusi ana ombi. Baba yake mdogo hakuweza kufika. Yuko Dar, maradhi yamemzidi, hawezi hata kukaa. Binti anaomba tumuombee."

Akaomba dua ndefu. Aliniombea shifaa, aliniombea nguvu ya kuinuka, aliniombea nije nimwone binti yangu. Kila alipopumua, msikiti mzima uliitikia amina, watu nisiowajua, wengine sauti za wazee. Nilikuwa mzima wa afya. Sikuthubutu kukata simu wala kusema neno, na mwisho wake nikaitikia pamoja nao.