Mawe ya Kukalia Uwanjani

Siku uwanja wetu wa Kitui ulipofunguliwa baada ya ukarabati, mimi nilienda nimebeba kigoda. Usicheke bado. Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani. Tangu wazungushie pale mabati sikuwa nimekanyaga, na hakuna aliyeniambia kwamba siku hizi mtu anakuta kiti kinamngoja. Askari wa getini alikiangalia kigoda, akaniangalia mimi.

"Mzee, unaenda kukama?"

Foleni nzima ilifurahi. Nikakiacha getini, nikaingia, nikakalia plastiki ya buluu yenye mgongo, na sikujua mikono niiweke wapi.

Zamani, rafiki yangu, pale palikuwa vumbi na mteremko. Jukwaa lilikuwa moja dogo, la wakubwa. Sisi wengine tulikalia mawe, na usidhani ni jiwe lolote tu. Kila boma lilikuwa na lake, liliviringishwa hapo na mtu aliyekwisha kufa, likarithiwa kama shamba. Ukikalia la wenyewe hukufukuzwa. Mwenyewe alisimama tu nyuma yako, kimya, mpaka ukakumbuka una kazi nyumbani.

Letu lilikuwa la susu, yaani nyanya yangu. Alilikalia kwa mpira wa shule, kwa mahubiri, kwa sikukuu za serikali, hata kwa maonyesho ya ng'ombe. Asubuhi ya Idd, Waislamu wa mjini wakitandika mikeka kule chini, yeye alikuwa juu na uteo wake wa pojo, akichambua polepole. Alisema watu wakiongea na Mungu ni vizuri uwe karibu, huenda kitu kikamwagika. Mimi nilikaa miguuni pake nikila muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, uliopoa kwenye kifuniko cha sufuria, na vumbi likija nilitafuna nalo. Mwalimu akipuliza filimbi, mbuzi walitoka golini wenyewe. Mpira wenyewe susu hakuujua. Alishangilia yeyote aliyeanguka.

Basi hotuba zilipoisha siku ile ya ufunguzi, nikazunguka nyuma ya jukwaa jipya, na hapo nikayaona. Mawe yote, yamerundikwa kama viazi sokoni. Nikamuuliza msimamizi wa mjengo yanaenda wapi.

"Kujaza korongo. Kama kuna lako chukua sasa, lori linakuja jioni."

Miaka yote nilikuwa nimejigamba kwamba jiwe la susu ningelijua hata gizani. Sasa ulikuwa mchana, jua la Kitui limewaka, na sikulijua. Yote yalikuwa laini juu, yamesuguliwa na makalio ya vizazi. Nikaanza kuyajaribu kwa kukaa, moja baada ya lingine, kama mtu anayenunua viatu. Lori liliponguruma getini, nikapata moja lililonikubali. Ndilo hili, nikasema. Kijana wa bodaboda alilipakia katikati yetu na akanionya nisimsukume kwenye kona.

Nimeliweka kando ya mlango wa jikoni. Uwanja wenyewe silalamiki: nyasi ni kijani, taa zinawaka, na mbuzi hawaingii tena. Ila kiti ni cha aliyewahi. Ukiinuka kwenda kununua njugu, unarudi unakuta mtu, naye hana habari wewe ni wa nani.

Juzi nilikuwa nimelikalia pale mlangoni pa jikoni nikimenya mbaazi, jirani yangu mama mzee akaja kuomba chumvi. Aliinama akalitazama lile jiwe chini ya makalio yangu, kwa muda.

"Hili ni la kwetu," akasema. "Lenu lilikuwa jeusi, lina ufa. Endelea tu kulikalia, mimi nina sofa."