Mashine Inayongoja Kuambiwa

Meneja wetu alipotutangazia kwamba kiwanda kitanunua kompyuta ya kuendeshea mitambo, watu walicheka. Ilikuwa miaka ya themanini, na kiwanda chenyewe kilikuwa cha kuchambua pamba, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, mahali ambapo vumbi la pamba lilituingia mpaka kwenye chai. Mimi sikucheka. Nilikuwa mkuu wa idara ya umeme, mwanamke peke yangu katika karakana nzima, na nilijua kazi ya kuchagua itaniangukia mimi, na kwamba nitachagua vizuri. Sijisifu. Kuna wanaojua kupika pilau. Mimi nilijua mashine.

Mitambo yetu ilikuwa ikiendeshwa na kabati la chuma lililojaa swichi za sumaku, zikigonga-gonga mchana kutwa. Zilikuwa zimechoka. Vipuri vyake havikupatikana tena hata Mwanza, na kwa misimu kadhaa nilikuwa nikizitengeneza kwa vipande vya bati na maneno makali. Kompyuta tuliyoitaka haikuwa ya kuandikia barua. Ilikuwa sanduku la kupokea habari kutoka kwenye mitambo na kuamua mota ipi iwake, ipi izime, na ipi itangulie nyingine.

Walikuja wauzaji wawili kutoka Dar es Salaam, kila mmoja na sanduku lake la kujaribia. Wa kwanza alivaa tai kwenye joto lile, nami nikamhurumia. Mashine yake ilikuwa na kioo chenye maandishi ya kijani, na feni ndani ya kupoozea. Meneja aliipenda kabla haijawashwa. Ya pili ilikuwa sanduku zito la kijivu, halina feni wala kioo, lina vitaa vichache tu usoni. Muuzaji wake alikuwa mtu wa maneno machache, na meneja alimwona kama aliyekuja kuomba kazi.

Niliyaacha masanduku yote mawili kwenye jumba la kuchambulia, yamewashwa, kwa muda wa juma moja. Kisha nikayafungua mbele ya wenyewe. Lile la kijivu lilikuwa safi ndani; lile la feni lilikuwa limevuta pamba mpaka limejitengenezea godoro.

"Dada, hii inataka chumba chake," akasema yule wa tai. "Mnajenga chumba cha vioo, mnaweka kiyoyozi, basi."

Meneja akakubali hapo hapo. Akaonyesha na mahali pa kujenga, ubavuni mwa ofisi yake, na sote tukaelewa hiyo baridi ingekuwa ya nani. Kwa hiyo vumbi halikuwa tena hoja. Ilibaki hoja moja tu, na ndiyo iliyokuwa ikininyima raha. Ilimhusu kaka yangu.

Kaka yangu, mkubwa wangu wa tumbo moja, alikuwa amechimba dhahabu upande wa Geita kwa miaka mingi. Mama yetu, huko Kishapu, hakuwa analala vizuri kwa kumfikiria ndani ya mashimo yale. Mimi ndiye niliyemtoa. Nilimwombea kazi kiwandani, akapangiwa mtambo wa misumeno, ambao ndio unaovuta pamba kutoka kwenye mbegu. Siku nilipokwenda kumpa mama habari, alinishika mikono akasema kwa Kisukuma kwamba sasa mwanawe yuko juu ya ardhi, na kwamba yuko mikononi mwangu. Maneno hayo nilirudi nayo kazini na sikuyaweka chini tena.

Sasa, misumeno ina tabia ya kukabwa na pamba. Ukitaka kuisafisha inabidi mtambo uzimwe, na kumwomba msimamizi azime wakati wa msimu ni kutafuta matusi, maana kila robota lilihesabiwa na bahashishi ilitegemea marobota. Ila umeme wa siku zile ulikatika ukipenda na kurudi ukipenda. Umeme ukikatika hakuna wa kubishana naye. Kwa hiyo wanaume wa misumeno walikuwa na desturi yao: giza likiingia tu na misumeno ikisimama, wanaingiza mikono mpaka kwenye kiwiko na kuchomoa pamba haraka haraka. Meneja alikwisha kubandika matangazo ya kukataza. Walikuwa wakiyaegemea wakivuta sigara.

Na desturi ile haikuwa imemdhuru mtu, kwa sababu ya lile kabati langu bovu. Swichi zake, umeme ukikatika, ziliachia zote. Umeme ukirudi, taa ziliwaka lakini mtambo ulibaki kimya mpaka mtu aende ukutani akabonyeze kitufe. Hakuna aliyewahi kulishukuru kabati kwa hilo. Hata mimi nililitukana tu.

Yule wa tai aliisifia mashine yake kwa jambo moja kuliko yote: inakumbuka. Umeme ukikatika, inahifadhi kila kitu. Ukirudi, inaendelea ilipoachia bila kumsumbua mtu. Meneja alikuwa akiitikia kwa kichwa kwa furaha. Mimi niliwaza ile mikono ndani ya misumeno.

Niliomba tuijaribu kwenye mtambo wa kweli. Tukaunganisha mashine yake na mtambo wa kaka yangu. Kabla ya kuzima nilisimama mbele ya misumeno nikiwa nimetanua mikono, nikawaambia wanaume kwamba leo hakuna kusogea. Nikaashiria swichi kuu ikatwe. Mngurumo ulipoanza kufifia, wanne kati yao walikuwa tayari wameshaanza kutembea kuja kwangu, mikono ya mashati imekunjwa. Hawakuwa wamenidharau. Miguu yao ilikuwa imezoea.

"Rudini!" nikapiga kelele, wakarudi wakicheka.

Umeme ukarudishwa. Taa zikawaka, na misumeno ikaanza kuzunguka yenyewe.

"Mmeona?" akasema yule wa tai. "Haijasahau kitu."

Hakuna aliyecheka tena. Kaka yangu alikuwa akiitazama misumeno, mdomo wazi.

Nikamwambia mgeni, "Tutajaribu mara ya pili. Nikizima, njoo usimame anaposimama kaka yangu, uingize mkono wako humo."

"Mimi si mfanyakazi wa hapa, dada."

"Huyu ni mfanyakazi wa hapa. Tena tumenyonya ziwa moja."

Alisema basi, hilo linarekebishika, kuna mpangilio ndani wa kuizuia isijiwashe. Nikamwuliza nani anaweza kuubadilisha mpangilio huo. Akasema kwa fahari kwamba ni rahisi, yeyote mwenye haraka anaweza. Nikamgeukia meneja. Alijua kuliko mimi nani huwa na haraka msimu ukipamba moto, akaangalia viatu vyake.

Tukaunganisha lile sanduku la kijivu. Tukakata umeme, tukaurudisha. Taa zikawaka. Mtambo kimya. Kitaa kimoja chekundu kikawa kinawaka na kuzima.

"Imeharibika?" akauliza meneja.

"Hapana. Inangoja kuambiwa."

Muuzaji wake akafungua kinywa kwa mara ya kwanza siku ile. Alisema ilivyoundwa haijui kufanya vinginevyo, na mtu akitaka ijiwashe yenyewe itabidi anunue nyingine. Nilitamani kumkumbatia. Meneja akanung'unika kuhusu kioo cha kijani, kisha akasema, "Haya mama, chukua hilo sufuria lako. Likituangusha ni juu yako." Nikamwambia ni juu yangu. Nilikuwa na hakika, na nilitaka aione hakika hiyo usoni mwangu.

Usidhani nilishukuriwa. Sanduku lile jipya lilidai mengi kuliko kabati la zamani: kila kifuniko kifungwe kwanza, kila mtu atoke, ndipo kitufe kifanye kazi. Msimu ulipoanza wanaume walilalamika kwamba linawachelewesha, na aliyelalamika kuliko wote alikuwa kaka yangu. Nikimwamkia shikamoo, anaitika marahaba akiangalia kwingine. Kwa sauti ya kunifikia alikuwa akiwaambia wenzake kwamba mdogo wake amewanunulia mashine mvivu.

Siku moja mchana, magari ya pamba yamejaa uwanjani, umeme ukakatika. Nilikuta wameshaingiza mikono. Kaka yangu alikuwa ndani mpaka kwenye kiwiko, amenigeuzia uso.

"Umekuja kumwangalia mvivu wako?" akaniuliza. "Leo atatulaza hapa. Ungemwambia mama kwamba..."

Taa zikawaka.

Kwa miaka yote taa zilikuwa zikirudi na mikono yao ikiwa ndani, wala hakuna aliyeshtuka. Safari hii walishtuka wote, kwa sababu walikuwa wameiona ile mashine nyingine ikiwasha misumeno yenyewe. Hakuna aliyechomoa mkono. Waliganda walivyo, wakitazama balbu. Misumeno ilikuwa kimya. Mimi niliyelichagua sanduku lile, niliyejua kila waya ndani yake, nami nikaikodolea misumeno macho.

Kaka yangu akautoa mkono taratibu, mweupe kwa pamba, akaushika kwa ule mwingine. Wenzake wakatoka, vifuniko vikafungwa, mtu akaenda ukutani kubonyeza.

"Ngoja," kaka yangu akasema. "Usibonyeze kwanza."

Akakaa sakafuni. Msimamizi alikuwa anakuja akifoka. Nikakaa kando ya kaka yangu, nikauchukua ule mkono nikauweka mapajani mwangu, nikaanza kuutoa pamba, kidole kimoja kimoja.