Paka wa Mwisho wa Mama Mitego

Mama Mitego hakuzaliwa na jina hilo. Amekamua ng'ombe wa watu tangu nywele zake zikiwa nyeusi, akalea watoto watano na waume wawili, na katika hao saba, anasema, waliomtoa jasho ni wale wenye ndevu. Jina alilipata alipoanza kunasa paka.

Shamba lilikuwa limejaa paka mwitu. Walizaliana kwenye ghala la majani kama vile hawana kazi nyingine, na kwa kweli hawakuwa nayo. Vitoto vilikufa kwa mafua, macho yamegandana, na aliyeviokota asubuhi kabla ya kukamua ni yeye. Siku Bosi, mwenye shamba, alipoleta sumu na kutangaza kwamba atawamaliza wote, Mama Mitego alihamaki hadi akamwaga maziwa.

"Nipe nafasi," akamwambia. "Nitawanasa, daktari wa mifugo awafunge uzazi, halafu niwarudishe."

"Uwarudishe? Wa nini?"

"Kwani panya utawakamata wewe, na hicho kitambi?"

Bosi akanuna, ila akakubali kwa sharti: kikionekana kitoto kingine hata kimoja, sumu inawekwa.

Kazi yenyewe haitaki ubabe. Unawanyima chakula tangu jana yake, unatega kizimba cha waya chenye samaki ndani, paka anaingia, mlango unajifunga, unamfunika shuka kuukuu ili atulie. Kwa daktari anafungwa uzazi, na akiwa bado usingizini anakatwa ncha ya sikio la kushoto iwe alama, asije akanaswa bure mara ya pili. Kisha anarudi ghalani kwake. Madume nao walihasiwa.

"Ningeijua huduma hii mapema," alimwambia daktari, "ningekuletea mume wangu wa pili."

Akabaki jike mmoja wa rangi ya majivu, aliyeitwa Bibi Harusi kwa sababu hakukosa wachumba. Huyo alikipita kizimba bila hata kugeuza shingo. Samaki hataki, maini hataki. Na madume wa jirani walishaanza kuimba nje ya ukuta.

Mama Mitego akajua tu, huyu ameshiba. Kuna mtu anamlisha. Akamvaa mlinzi.

"Mama, mimi mwenyewe chakula hakinitoshi, nimpe paka?"

Akamgeukia shemeji yake, dereva wa gari la maziwa, wakagombana hadi wakanuniana. Usiku hapati usingizi, anaiona sumu tu.

Mwishowe, asubuhi moja kabla ya kukamua, akajibanza ghalani nyuma ya magunia ya pumba. Mlango ukafunguliwa polepole. Akaingia Bosi na kopo la samaki, akachuchumaa kwa shida, akaita kwa sauti ambayo nadhani hata mkewe hajawahi kuisikia: "Njoo mama, njoo ule, mrembo wangu."

Mama Mitego akachomoka. Bosi nusura alikalie kopo.

"Kumbe kikulacho ki nguoni mwako! Unatutishia sumu huku unalisha?"

"Huyu... huyu ni tofauti."

"Huyu ndiye atakayezaa hao unaotaka kuwaua! Funga hilo kopo. Leo asile kitu, na wewe usikanyage hapa."

"Sawa, mama," akasema Bosi, ambaye kwa umri alimzidi.

Kesho yake njaa ikamwingiza Bibi Harusi kizimbani. Bosi aling'ang'ania kumpeleka mwenyewe. Shemeji akaendesha, Bosi kakipakata kizimba na shuka lake, macho yamemlowa. Mama Mitego, aliyebanana nao garini, akamwonea huruma, na jambo hilo halikumpendeza hata kidogo.

"Mama," Bosi akauliza, "atanichukia?"

"Wiki moja hivi. Sisi wengine tunakuchukia mwaka mzima, na kazini tunakuja."