Nyumba Iliyokula Ngitili

Nilimpa mjomba shikamoo kwanza, ndipo nikaanza kumgombeza. Kwetu hata ukitetemeka kwa hasira huwezi kuruka shikamoo ya kaka wa mama yako. Akaitikia marahaba, masizi mpaka kwenye kope, anacheka kama mtu anayesubiri kushukuriwa.

Mama yangu anaishi kijijini, pembeni ya Kharumwa, na anakohoa. Miaka yote amepikia kuni kwenye jiko lisilo na dirisha. Mimi nilipofeli kidato cha nne nikaingia kwenye ujenzi, na tangu hapo ndoto yangu ni moja: kumjengea nyumba inayojilisha yenyewe, isiyoomba umeme kwa mtu wala kuni porini. Niliichora kwenye daftari la hesabu, nikafuta, nikachora tena. Iwe ndefu kutoka mashariki kwenda magharibi, jua la jioni lipige ubavu mwembamba tu. Bati litokeze sana, kama ukingo wa kofia ya pama. Juu paneli ya sola. Jikoni gesi ya samadi ya ng'ombe wake mwenyewe, shimo nichimbe mimi.

Yote hayo yalisimama juu ya ngitili ya mama. Ngitili ni malisho ambayo sisi Wasukuma tunayafunga masika nzima, ng'ombe asitie mguu, ili kiangazi majani yawepo. Ya mama ilikuwa na migunga mikubwa upande wa magharibi. Wachimbaji wa dhahabu walikuja mara nyingi kuiomba, wakaegemeze maduara yao, yale mashimo wanayoshukia, yasiwafukie, na mama akakataa kila mara. Kwenye mchoro wangu miti ile ilikuwa kivuli cha ukuta, majani yalikuwa chakula cha ng'ombe, na ng'ombe ndio waliokuwa moto wa jikoni.

Ndiyo maana sikutaka tanuru. Kuchoma matofali ya nyumba moja ni kumaliza kichaka kizima. Niliazima mashine ya mkono, ile ya kushindilia udongo uliochanganywa na saruji kidogo. Matofali nikayapanga nyuma ya zizi, nikayafunika kwa majani, nikawa nayamwagilia asubuhi na jioni yakomae.

Mjomba akipita na baiskeli yake, lazima asimame.

"Mwipwa, hayo ni matofali au miche ya nyanya? Mbona unayanywesha?"

"Yanakomaa hivyo, mjomba."

"Mabichi hayo. Watu watasema dada yangu kajengewa nyumba ya udongo, na mtoto wake ni fundi."

Nilicheka. Nilicheka tu, sikumweleza kitu.

Kisha nikaenda Geita wiki tatu, kupaua nyumba ya mfanyabiashara wa vifaa vya sola, kwa makubaliano kwamba ujira wangu utakuwa paneli na betri. Nilirudi navyo kwenye bodaboda, betri mapajani, naimba. Tulipoacha barabara kubwa nikaiona nyumba ya mama. Nikanyamaza. Nyumba ya mama ilikuwa haijawahi kuonekana kutoka pale.

Ngitili ilikuwa visiki. Majani yalikuwa yamefyekwa ya kuwashia moto. Na nyuma ya zizi lilisimama tanuru limekandikwa tope, linafuka moshi, na ndani yake mlikuwa na matofali yangu.

"Nimekumalizia kazi," mjomba akasema. "Siku tatu sijalala."

Mengi niliyomjibu sitayaandika, mama yangu anajua kusoma. Nilimwambia saruji ikipikwa inakufa. Nikachomoa tofali ambalo bado lina joto, nikaliminya pembeni, likamomonyoka kama kiporo cha ugali. Nikachukua jingine nikamwekea kiganjani. Akafumba ngumi, likatoka vumbi. Hapo akaacha kucheka.

"Si ungesema, mwipwa."

Ni kweli, ningesema. Lakini nani alimtuma? Nani alitudanganya kwamba tofali jekundu ndiyo heshima na la kijivu ni aibu, mpaka mtu achukue shoka aende kumsitiri dada yake kwa miti ya dada yake mwenyewe?

Nikamgeukia mama. "Na wewe ulikaa ukamwangalia?"

"Nilikaa ndani nisisikie shoka," akasema. "Nilijua ndivyo nyumba yako inavyotaka. Wachimbaji niliwanyima. Wewe ningekunyimaje?"

Nilikwenda kusimama nyuma ya tanuru, peke yangu, mpaka nikaweza kurudi.

Nyumba nimeijenga. Nilishindilia matofali mengine, yale yaliyovunjika nikayafukia chini ya sakafu. Taa zinawaka vizuri. Lakini kiangazi hiki ng'ombe wanapelekwa mbali kutafuta majani, samadi wanaidondosha huko huko njiani, na gesi inatosha chai ya asubuhi tu. Jioni mama anarudi kwenye mafiga, anachochea matawi yaliyobaki ya migunga yake, na mimi namsikia akikohoa. Saa kumi ukuta wa magharibi unachemka hauna cha kuukinga. Kila siku, saa kumi, nakasirika upya.

Visiki nimevizungushia miiba. Vimeanza kuchipua, machipukizi yamefika magotini.

Tangu nilipoweka ile miiba, mjomba huja alfajiri na ndoo ya samadi ya ng'ombe wake, kaifunga nyuma ya baiskeli. Nampa shikamoo, anaitikia, anamimina kwenye shimo la gesi, anaondoka. Juzi alichelewa kidogo kupanda baiskeli.

"Inatosha?" akaniuliza.

Ningeweza kumjibu vizuri. Alikuwa ametoka jasho, na ni mjomba wangu.

"Haitoshi."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake. Jana alikuja kwa mguu, anasukuma baiskeli, maana ndoo zilikuwa mbili na hakubakiwa na pa kukaa.